Mama Mabuti, mzoa taka aliyelifungua dirisha la fundi saa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkokoteni wenye gurudumu moja linalolia unaingia kwenye uchochoro ulio nyuma ya majengo mawili ya ghorofa tatu. Anayeusukuma ni mwanamke mfupi, mwenye mabuti ya mpira ya kijani yanayomfika magotini na kitambaa kilichofungwa kichwani kwa haraka. Kabla hajafika kwenye mlango wa kwanza, dirisha la chini linafunguka.

"Umechelewa dakika sita," sauti ya mwanamume inasema kutoka ndani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Dakika sita."

"Labda saa yako inakimbia."

Mzee anatoa kichwa nje, miwani imekaa kwenye paji la uso, uso wote kama wa mtu aliyetukaniwa ukoo. "Saa yangu? Saa yangu mimi?"

Mwanamke anacheka mpaka inabidi auachie mpini. Mzee naye anajikaza asicheke, anashindwa, anarudisha kichwa ndani. Baada ya hapo kazi inaendelea: mlango kwa mlango, mfuko kwa mfuko, kama inavyoendelea kila siku isipokuwa Jumapili.

Hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Mabuti, hata kwenye kadi yake ya zahanati. Ana umri wa miaka arobaini na saba na hakujaliwa mtoto. Umama wake umetokana na mabuti. "Ndio wanangu hawa," anasema akiyagonganisha visigino kutoa matope. "Mapacha."

Kazi ya kuzoa taka ameifanya kwa miaka kumi na miwili. Anahudumia nyumba sabini na nne, na anazijua kwa namna ambayo hata majirani hawazijui. Anajua nani amepata mjukuu na nani ameanza kunywa tena. "Kuna baba mmoja amemwambia mkewe ameacha sigara," anasema kwa sauti ya chini. "Mimi sisemi. Nikisema, nyumba nzima ya mtu itavunjika kwa sababu ya mfuko."

Ni ujuzi huo, wa kusoma mifuko, uliomfanya asimame mbele ya mlango wa fundi saa katika mwezi wa pili wa ugonjwa ule, akabisha, na akakataa kuondoka.

Wasomaji wanaikumbuka miezi ile. Amri ilitoka kwamba kila mtu abaki ndani. Soko likafungwa, na kibanda cha fundi saa kikafungwa pamoja nalo. Watu wakajifunza kusalimiana kwa macho. Lakini jambo ambalo Mama Mabuti analikumbuka kuliko yote ni lori la taka. Lilikuwa likija kila Jumatatu kubeba kile ambacho yeye na wenzake wamekusanya. Wiki moja halikuja. Wiki ya pili halikuja. Likakaa wiki tisa bila kuja.

"Nilikuwa nakusanya, sina pa kupeleka," anasema. "Nikawa narundika hapa nyuma nikisema kesho litakuja. Kesho, kesho. Nikageuka, nikaona nimejenga mlima."

Mlima huo uliziba karibu uchochoro wote, ambao upana wake ni hatua saba tu, na upande mmoja ukapanda mpaka kwenye kizingiti cha dirisha la chini. Lilikuwa dirisha la fundi saa. Chumba chake hakikuwa na dirisha lingine.

Majengo haya mawili yana sura mbili. Vyumba vya mbele vinatazama barabara, na kando ya barabara kuna mti mkubwa wa kivuli na baraza ndefu. Vyumba vya nyuma vinatazama uchochoro. Kabla ya ugonjwa, tofauti haikuwa kubwa, kwani watu walitoka asubuhi wakarudi jioni. Amri ilipokuja, kila mtu akabaki na kile kilichokuwa nje ya dirisha lake.

"Wa mbele walinisalimia," anasema Mama Mabuti. "Walikaa barazani, huyu mlango huu, yule mlango ule, wanapigiana kelele, wanataniana. Wa nyuma waliniangalia tu. Mwanzoni waliniangalia wakiwa wamesimama dirishani. Baadaye wakafunga madirisha kwa sababu ya harufu, na inzi, na panya. Nikawa napita katikati ya kuta mbili kama mtu aliyekosea njia."

Hata yeye hali hiyo haikumwacha salama. Watu waliogopa mikono yake. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa akimwaga maji ya sabuni kwenye ngazi kila Mama Mabuti alikopita, hata kabla hajamaliza kupita. Nyumba zilizokuwa zikimlipa zilishuka kutoka sitini na nane hadi thelathini na moja. Zipo siku alirudi nyumbani akaoga mara tatu na bado akajiona mchafu. "Ukiishi na taka na watu wanakukimbia, unaanza kujiuliza kama wao ndio wanaona vizuri," anasema.

Mifuko ya fundi saa ilianza kubadilika katika wiki ya sita.

Huyu ni mzee wa miaka sitini na sita, mjane, ambaye mkewe alifariki miaka mitatu kabla ya ugonjwa. Binti yake wa pekee ameolewa mji wa mbali. Kabla ya wiki hiyo mfuko wake ulikuwa mdogo na nadhifu, umefungwa fundo moja, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na mabaki ya chakula cha mtu mmoja. Kwanza Mama Mabuti aliona mikate mizima, haijaguswa. Siku iliyofuata, viatu vyeusi vya ngozi.

"Vilikuwa vimepigwa rangi," anasema. "Viking'aa. Nikajiuliza, nani anapiga viatu rangi halafu anavitupa?"

Alivitoa, akavifunga kwenye gazeti, akaviweka pembeni ya mkokoteni. Siku mbili baadaye ikaja suti iliyokunjwa vizuri. Siku iliyofuata, boksi la mbao lenye kishikio cha shaba. Alilifungua palepale uchochoroni. Ndani mlikuwa na bisibisi nyembamba kama sindano, vibanio, brashi, na ile lenzi ambayo fundi saa huibana jichoni.

Mama Mabuti anasimama anapofika hapa. Anauliza kama anaweza kusimulia habari nyingine kwanza.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwashi, kijana wa watu, mcheshi. Miaka kumi na tisa iliyopita kijana huyo alimpa jirani baiskeli yake. Akampa rafiki yake koti. Kisha akaja kwa dada yake na redio, akamwekea mezani.

"Ilikuwa redio nzuri," anasema. "Nikamwambia, mdogo wangu, umekuwa mkarimu siku hizi. Nikamshukuru. Nikamkumbatia nikamwambia asante." Anatazama mabuti yake. "Siku nne baadaye tukaitwa. Alikuwa ametuaga wote, na hakuna aliyesikia. Mimi nilisema asante."

Kwa hiyo alipolifunga lile boksi la mbao, hakuendelea na mlango uliofuata. Aliacha mkokoteni katikati ya njia, akazunguka hadi mlango wa mbele, akaingia kwenye korido, akabisha.

"Nani?"

"Mzoa taka."

"Taka nimeshatoa."

"Najua. Nimekuja kuziuliza hizo."

"Zina nini?"

"Si taka, Fundi. Ni zana zako. Umekosea?"

"Sijakosea. Nenda zako, kuna ugonjwa."

Hakwenda. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani. Anakadiria kwamba zilipita dakika ishirini. Fundi saa, ambaye anasikiliza mazungumzo haya kutoka dirishani, anamsahihisha: zilikuwa thelathini na tano.

"Bado upo?" sauti iliuliza hatimaye.

"Nipo."

"Huna kazi?"

"Ninayo. Nyumba arobaini zinaningoja na mvua imetanda."

"Sasa unangoja nini?"

Mama Mabuti anasema alikuwa hajawahi kumuuliza mtu swali kama alilouliza wakati ule, na hakujua kama linaulizwa. Alilitoa tu. "Fundi, unataka kufa?"

Aliogopa kwamba ameharibu. Lakini hakulirudisha swali lake. "Niliona bora nionekane mpumbavu," anasema, "kuliko kushukuru mara ya pili."

Kisha komeo likavutwa.

Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa, meza imefutwa, sahani moja imepinduliwa kwenye sinia. Dirisha lilikuwa limefungwa na pembeni limezibwa kwa vitambaa. Mzee alisimama katikati na fulana yake, amekonda, akamtazama mgeni wake kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kumwona.

"Nikifungua, jaa," alisema, akionyesha dirisha. "Nikifunga, joto na ukuta. Siku arobaini na tatu sijaona mtu wala jani. Panya tu ndio wanaojua kwamba mimi nipo. Nimechoka, mwanangu. Si kwamba naumwa. Nimechoka."

"Na mimi nilikuwa sijui niseme nini," anasema Mama Mabuti. "Sikusoma mimi. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, Fundi, mlima ule nimeujenga mimi. Nisamehe."

Mzee akaketi kitandani akalia. Yeye akaketi kwenye kizingiti cha mlango, akapiga simu zahanati.

Muuguzi aliyekuja ni dada wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye sauti ambayo haijawahi kuharakishwa na mtu. Alikaa na mzee saa mbili. Alizungumza na binti kwa simu. Binti hakuweza kusafiri kwa sababu ya amri, lakini tangu jioni hiyo hajakosa kupiga hata siku moja. Dawa za presha za mzee zikatunzwa zahanati, akawa anapelekewa za siku mbili mbili. Na wakakubaliana kwamba kila siku mtu wa kumwona ana kwa ana lazima awepo.

"Mtu huyo akawa mama huyu," anasema muuguzi. "Nilimfundisha mambo matatu tu: asikilize, asibishane na huzuni ya mtu, na akiogopa anipigie muda wowote. La kuuliza swali bila kuzunguka lilikuwa lake. Wengi wanadhani ukimuuliza mtu hivyo utampa wazo. Hujampa wazo. Umempa mahali pa kulitua."

Lakini kila asubuhi Mama Mabuti alipotoka kwenye chumba kile alikuwa anarudi kwenye jaa lilelile. "Sista alikuwa na maneno na dawa," anasema. "Mimi nina mkokoteni. Nikasema kila mtu atoe alichonacho."

Alianza Jumanne. Dampo la mji liko mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mkokoteni ukijaa mwendo huo unakuwa karibu saa nzima. Siku ya kwanza alikwenda mara tano. Siku ya pili tano. Jaa halikuonekana kupungua hata shubiri moja. Siku ya tatu alikaa juu ya ndoo, akavua mabuti, na akafikiri kuacha.

Hapo ndipo kikapu kiliposhuka mbele ya uso wake, kimefungwa kamba. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, kikombe, na kipande kipya cha sabuni. Alitazama juu. Ni yule mama wa ghorofa ya pili, wa maji ya ngazini. Walitazamana.

"Kunywa," mama yule alisema. "Kikombe ni chako, usikirudishe." Kisha, kama aliyeona amejieleza vibaya: "Yaani ni zawadi."

Siku ya tano walishuka wanaume wawili na mabeleshi, nyuso zimefungwa barakoa. Siku ya sita walikuwa saba. Afisa wa mtaa akaja mbio na daftari lake akisema mikusanyiko imekatazwa. Mama Mabuti alimjibu kwamba wao hawakusanyiki, wanatawanya. Afisa akaondoka na daftari lake. Kesho yake alirudi na jozi kumi za glavu, na kuanzia siku hiyo akawa anawapanga watu wafanye kazi kwa zamu, wanne wanne.

Siku ya tisa jaa lilikuwa limeshuka chini ya kizingiti. Mama Mabuti alikuwa ameinama, anachota, hana habari.

"Unashika beleshi vibaya," sauti ilisema nyuma yake. "Utaumia mgongo."

Dirisha lilikuwa wazi, kiasi cha upana wa kiganja.

Hakugeuka. Anasema aliogopa kwamba akigeuka litafungwa. "Nishikeje sasa?" aliuliza, akiwa ameutazama ukuta, machozi yanaingia kwenye barakoa. Mzee akaanza kumwelekeza, mkono huu hapa, mkono ule kule, si hivyo, teremsha, na kadiri alivyoelekeza dirisha likazidi kufunguka mpaka mikono yake yote miwili ikawa nje.

Zilikuwa safari zaidi ya sabini kwa jumla, kwa siku kumi na moja. Taka zilipokwisha, walimwaga maji na chokaa, wakaleta udongo. Kila chumba cha nyuma kikatoa chombo kimoja: ndoo iliyopasuka, beseni, sufuria bila mpini. Wakapanda maua ya manjano na miche mitatu ya mipapai. Mtu akaleta benchi. Hakuna anayekumbuka ni nani.

Viatu, suti na boksi vilikuwa vimehifadhiwa chini ya kitanda cha Mama Mabuti muda wote huo. Alivirudisha mwishoni mwa mwezi, baada ya muuguzi kukubali. Fundi alifungua boksi, akagusa zana moja moja.

"Umezifuta," alisema.

"Kwa kitambaa laini."

"Umezifuta vibaya." Akaibana lenzi jichoni, akakaa nayo hivyo kwa muda mrefu, bila saa yoyote mbele yake.

Muuguzi ana daftari ambalo alilianzisha mwenyewe kipindi kile. Katika watu thelathini na mmoja wa majengo haya waliofika kwake kwa kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au kulia bila sababu wanayoijua, ishirini na wawili waliishi vyumba vya nyuma. "Ni watu walewale," anasema. "Kodi karibu ileile, ugonjwa uleule, habari zilezile redioni. Tofauti ni kile walichokiona wakifungua dirisha, na kama kulikuwa na mtu wa kumwambia habari za asubuhi." Baada ya jaa kuondoka, waliokuja walipungua. Hasemi ni maua yaliyowaponya. Anasema walishuka chini kumwagilia, wakakutana.

Fundi saa naye hajawa mtu mwingine. Zipo asubuhi ambazo dirisha halifunguki, na Mama Mabuti anaacha mkokoteni na kwenda kukaa koridoni. Kila Jumatano ya pili huenda zahanati, akiwa amevaa vile viatu. Kibanda chake cha sokoni hakukirudia; anatengenezea saa dirishani, wateja wanangoja kwenye benchi, na wengi wao, anasema kwa manung'uniko, wanaleta saa ambazo hazina ubovu wowote. "Wanakuja kupiga soga. Nitakula soga?"

Mama Mabuti sasa ana mpango. Wazoa taka wa eneo hili ni kumi na wanne, na amewashawishi kumi na mmoja wakutane na muuguzi siku moja kila mwezi, nyuma ya zahanati, wafundishwe kuitambua mifuko ya aina ile na la kufanya. Watatu waliobaki wanasema si kazi yao. "Watakuja," anasema. "Mmoja ni shemeji yangu. Nitamkalisha chini."

Mpango wake mwingine anausema akiwa amefika nyumbani, saa saba mchana, amevua mabuti mlangoni. Anaishi na mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na sita, katika chumba kimoja kilicho mwisho wa ua. Mchana kweupe taa inawaka. Dirisha lipo, dogo, na ukilifungua linagota kwenye ukuta wa jirani kabla halijafika nusu.

Kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba, na nyumba zinazolipa zimerudi na kuongezeka. Wiki tatu zilizopita alikwenda kutazama chumba kwenye ghorofa ya kwanza, mtaa wa pili. Mwenye nyumba alimpa ufunguo, akamngoja nje, akachoka kungoja, akapanda. Alimkuta ameketi sakafuni katikati ya chumba kitupu.

"Mbona hukagui bomba?" mwenye nyumba alimuuliza. "Wala dari?"

"Nimeshakagua," Mama Mabuti alimjibu.

Alikuwa anatazama dirisha. Linaangalia uwanja ambapo watoto hucheza mpira, na nyuma ya uwanja kuna safu ya miti, na nyuma ya miti mbingu yote iliyobaki. Amekwisha kurudi kulitazama mara mbili zaidi. Wanahamia mwisho wa mwezi ujao.

Kinachowagombanisha sasa yeye na mama yake ni kitanda cha nani kitakaa upande huo.

"Tutapokezana, mama," anasema, akimpa bibi kizee kikombe cha chai. "Wewe asubuhi nikiwa kazini. Mimi jioni."

Bibi kizee anapuliza chai yake, anafikiri.

"Na jioni pia niachie," anasema. "Wewe utakaa nami hapohapo, utanisimulia wanachofanya hao watoto. Macho yangu hayafiki mbali."